Shakwe na buabua wa Dunga: nichukue P900 au 7D Mark II?

Kijana wa Kondele:
Hamjambo wakuu. Ningependa kuanza kupiga picha za ndege wanaoruka kwa kasi, hasa shakwe na buabua wanaozifuata mashua za wavuvi pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Nimeonyeshwa kamera mbili zilizotumika: Nikon P900, ambayo lenzi yake haing'oki na huvuta hadi milimita 2000, na Canon 7D Mark II pamoja na lenzi ya 70-300. Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nichukue ipi?

Mpiga Mwari, Nakuru:
Ndugu, swali lako halina kichwa wala miguu. Hujatuambia una shilingi ngapi, utasimama ufukweni au utaingia mashuani, wala kama umewahi kushika kamera. Tena, hiyo 70-300 ni ipi? Ile ya mwaka 2016 hulenga upesi kuliko iliyoitangulia, na wapo wauzaji wanaoichanganya na 75-300, ambayo kwa ndege arukaye ni mzigo mtupu.

Kijana wa Kondele:
Samahani, mkuu. Nina shilingi 70,000, sijawahi kutumia chochote ila simu, na nitakuwa ufukweni kwa sababu mashua hunitia kichefuchefu. Lenzi ni ipi hasa, sikuuliza.

Mpiga Mwari, Nakuru:
Basi P900 iache. Hizo milimita 2000 zinamfaa ndege aliyetulia mtini. Ukibonyeza, hupiga picha saba kwa takriban sekunde moja, kisha husimama kuzihifadhi, na kioo chake cha kuchungulia huchelewa kidogo, kiasi kwamba unayemwona ndani tayari ameshapita. 7D Mark II hupiga picha 10 kwa sekunde, na kwa kuwa kihisi chake ni kidogo, milimita 300 juu yake huonekana kama 480.

Mzee wa Milimani:
Mimi ningekushauri utafute mwili wowote wa Canon (kamera bila lenzi) wa bei nafuu, fedha inayobaki uiweke kwenye lenzi ya 400 f/5.6, ile isiyovuta, iliyosimama kwenye milimita 400 tu. Ina uzito wa kilo moja na robo tu. Haina kizuia mtikisiko, lakini ukipiga kwa 1/2000 ya sekunde hukihitaji.

Mpiga Mwari, Nakuru:
Mzee wangu, kwa heshima zote, anayeanza hawezi kumpata buabua ndani ya 400. Kwa 70-300 atamtafuta kwenye 70, akishamshika ndipo avute.

Mzee wa Milimani:
Tulijifunza hivyo hivyo, na tulimpata.

Dada wa Tom Mboya:
Kabla hamjagombana, mwambieni aikague lenzi. Mwaka juzi nilinunua iliyotumika kutoka kwa mtu tuliyekutana hotelini jioni. Niliijaribu kwa kulenga saa ya ukutani, ikalenga vizuri, nikalipa. Asubuhi yake ziwani, kila shakwe aliyepita mbele ya mawingu alitoka kama aliyepigwa picha kupitia chandarua. Nilidhani ni kosa langu, nikabadilisha mipangilio wiki nzima. Hatimaye fundi mmoja alifungua tundu la lenzi la kupitisha mwanga hadi mwisho, akawasha tochi ya simu upande wa nyuma, akaniambia nichungulie mbele kwa pembeni. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui: kuvu. Gharama ya kuisafisha ilikaribia bei niliyoinunulia, na muuzaji hakushika simu tena. Kwa unyevu wa Kisumu, lenzi iliyolala kabatini miaka miwili ni ya kushukiwa.

Mzee wa Milimani:
Hapo umesema kweli, dada. Nami niongeze kwamba saa ni muhimu kuliko chombo. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndege hutua na kupaa akiukabili upepo. Kwa hiyo asubuhi wanakujia uso kwa uso, jua likiwa mgongoni mwako. Alasiri upepo wa ziwa ukigeuka, utarudi na picha za mikia.

Otonglo:
Mnatupa omena ili waje karibu?

Dada wa Tom Mboya:
Hapana. Wavuvi wakisafisha nyavu wanakuja wenyewe.

Mpiga Mwari, Nakuru:
Kijana aanze na mdiria mweusi-na-mweupe, ambaye husimama angani akipiga mabawa kabla ya kujitosa. Halafu shakwe. Buabua mabawa-meupe huchota chakula juu ya maji na kugeuka ghafla; huyo amwache kwanza.

Otonglo:
Lakini si hao ni ndege wa baharini? Bora aende Mombasa.

Mzee wa Milimani:
Shakwe kichwa-kijivu ni mwenyeji wa maziwa ya bara, na buabua huyo huzaliana kwenye vinamasi vya Ulaya mashariki na Asia, akaja kwetu huko kukiwa baridi. Mombasa atafuata nini?

Kijana wa Kondele:
Asanteni. Muuzaji amekubali tukutane kesho saa moja asubuhi pale pale Dunga, lakini sasa anasema ile 70-300 imeshachukuliwa, amebaki na 55-250. Je, hiyo nayo?

Mpiga Mwari, Nakuru:
Soma maandishi yaliyo juu yake. Yana herufi STM, yaani aina ya mota ya kulenga, au hayana?