Tupeane uzoefu: uliyewahi kumsaidia mtoto wa mtaani mpaka akatoka kweli, ilikuwaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu habari zenu. Nimefungua uzi huu maana kila tukigusa habari ya watoto wa mitaani mjadala unaishia palepale, wazazi wao wako wapi, serikali iko wapi, basi tunaenda kulala. Nataka waje waliowahi kuishika hii kazi, uliyelea, uliyefundisha, uliyekesha zamu kituoni, au wewe mwenyewe ulilala barazani ukatoka, utuambie nini kilisaidia na nini kilikuwa kupoteza muda. Masharti machache tu: hakuna picha za watoto, hakuna majina yao, na mji usitajwe, mtoto anakua na mitandao haisahau.

Naanza mimi. Najitolea kituo cha mchana, mtoto anaingia anaoga, anafua, anakula, anapumzika, akitaka kuondoka anaondoka, geti liko wazi. Wageni wakija swali lao la kwanza ni mbona mnawaachia warudi mtaani. Ni kwamba ukimfungia siku ya kwanza humuoni tena. Mtaani ana washkaji, ana hela yake mfukoni, hakuna wa kumpangia saa ya kulala, na ndiyo, anapigwa na analala njaa pia, ila wewe unamwambia aviache vyote kwa ajili ya kitanda na sheria zilizobandikwa ukutani, anakuona mwehu. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ni mazoea tu. Kuna dogo alikuwa anakuja kufua shati lake hilo moja, haongei na mtu, anaanika, anakaa chini ya kamba analilinda mpaka likauke, anavaa anasepa. Hatukumuuliza kitu. Siku aliyoliacha kwenye kamba akaenda kucheza mpira na wenzake ndo tukajua sasa tunaweza kuanza maongezi.

Fundi Gereji

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni zao la mtaa, sioni aibu kusema. Nilitoroka nyumbani kwa kipigo cha baba wa kambo, naomba hili lieleweke manake kila mtu anadhani ni njaa, kwetu chakula kilikuwepo. Mtaani nilipigwa pia ila angalau huko kuna pa kukimbilia.

Misako ndo usiseme. Kila akija mgeni mkubwa mjini tunasombwa na karandinga, wengine wanatupwa mbali huko nje ya mji, wengine wanalazwa ndani na watu wazima, halafu tunarudi kwa miguu. Nilichovuna kwenye ile misako ni mbio tu na kumuogopa yeyote mwenye sare, hata yule aliyekuja na nia nzuri.

Kituo cha kwanza nilikokwenda ukitoroka ukarudi unanyolewa kipara na cha jioni huli. Sasa kama kurudi ni adhabu unarudi ya nini? Cha pili ukirudi unaambiwa karibu, kaoge, chakula kipo, maongezi kesho. Huko nako nilitoroka, nisidanganye, ila nilirudi. Mwanzoni nilikuwa silali kitandani, naingia uvunguni na viatu miguuni, kwa sababu mtaani ukivua viatu ukalala umeshavigawa. Mama wa zamu ya usiku hakunitoa kule wala hakunisema, alinisukumia blanketi chini ya kitanda akaendelea na raundi yake. Nikapanda kitandani mwenyewe nilipojisikia.

Dada Ustawi

Fundi asante. Kuhusu misako, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto iliandika mwaka 2017 Maoni ya Jumla namba 21, yote yanahusu watoto wa mitaani, na inazitaka nchi zifute sheria zinazomfanya mtoto mhalifu kwa kuomba, kuzurura au kutoroka nyumbani. Pia haitaki ile tabia ya kumbeba mtoto kama mzigo kwa jina la kumuokoa bila kumuuliza yeye anataka nini. Nimeshaipeleka kwenye vikao vingi, wanaitikia kwa kichwa, wiki inayofuata karandinga linapita.

Sasa niongelee kuwarudisha kwao, maana ndo kazi yangu. Mtoto akikutajia jina lake na kwao siku ya kwanza andika kwa penseli. Hadanganyi kwa ubaya, anajilinda. Mimi siulizi kwenu wapi, nampa karatasi na rangi namwambia nichoree njia ya kwenda shule, ukilala usiku ulikuwa unasikia nini, maji mlichota wapi. Mmoja alinichorea reli, daraja, na mnara wenye taa nyekundu juu, kwa mchoro ule tukafika mpaka mlangoni kwao wakati jina la kijiji alilotupa halikuwepo kabisa duniani.

Ila kupajua kwao ni nusu ya kazi. Niliwahi kushuhudia shirika moja, silitaji, likirudisha watoto kwa mkupuo, gari moja, kila mtoto na godoro na madaftari, picha ya pamoja, hotuba, kwaheri. Haukupita muda wengi wao tunapishana nao kwenye mataa, magodoro yameshauzwa. Yule waliyemkimbia alikuwa bado amekaa sebuleni palepale! Siku hizi naenda kwanza nyumbani bila mtoto, naongea na mama, na jirani, na mwalimu wake wa zamani. Halafu simu. Halafu anaenda kusalimia anarudi. Likionekana tatizo ni kipato tunatafuta mtaji mdogo wa mama, likiwa ni kipigo tunatafuta bibi au shangazi, na akikosekana ndugu tunaenda malezi ya kambo, yaani familia nyingine isiyo ya damu inamlea. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala ya 2009 iko hivyohivyo, familia kwanza, bweni kubwa la watoto mia liwe la mwisho. Lakini yuko mtoto ambaye harudi, aliyenajisiwa na mtu wa nyumba ileile humrudishi eti kwa sababu ripoti ya mfadhili inataka idadi ya waliorudishwa.

Na ukishamrudisha ndo kwanza mafuta ya gari yanahitajika, kumfuatilia mwaka mzima na zaidi. Wafadhili hawapendi kulipia hii sehemu, haina picha.

Nesi wa Usiku

Niongeze upande wa afya haraka haraka, natoka zamu.

Gundi. Watu wanashangaa kwa nini wanavuta, jamani ndani ya dakika chache inakata njaa, inakata baridi, inakata kumbukumbu za nyumbani, mtoto anayelala kwenye zege unadhani atachagua nini? Shida ni ile kemikali iliyomo, tolueni, inaenda kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, inasumbua ini na figo, na inaweza kusimamisha moyo ghafla. Kwa hiyo mtoto aliyetoka kuvuta USIMKIMBIZE, usimshtue, moyo wake muda huo hauwezi kuhimili mshtuko na mbio. Mpeleke penye hewa, ongea taratibu, kaa naye. Na kuacha hakuna dawa maalumu kama methadoni wanayopewa wanaoacha heroini, ni usingizi wa kutosha, chakula, ushauri nasaha, na kitu cha kufanya mchana, akirudia usimtimue.

La pili, aliyebakwa, wa kike au wa kiume (na wavulana ni wengi kuliko mnavyofikiri, hawasemi tu), dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora zaidi. Usisubiri kwanza kesi ifunguliwe, usisubiri Jumatatu. Wengi wanafika kwetu siku ya tano na barua imegongwa mihuri yote.

Upele nao tibu kundi zima kwa siku moja na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, ukimtibu mmoja unampaka mafuta tu.

Kijana wa Data

Nasoma kimya kimya hapa. Swali la mjinga, kwa hiyo kwenye mataa nisiwape hela? Maana dogo akinikazia macho pale dirishani naumia kweli.

Fundi Gereji

Bro mimi aliyenipa sikuwahi kumchukia, uongo. Ila ujue hela ile jioni ilikuwa inachukuliwa na mkubwa wa kijiwe, wewe unabaki na ya gundi. Na siku ukipata nyingi ndo hata kituoni huendi, unajiona boss. Mimi wateja niliokuwa nawakumbuka ni wale walioniuliza jina, kesho wakipita wananiita kwa jina hilo. Hela yako mpe mtu anayeshinda nao, kama huyo mwenye uzi.

Mama wa Kambo Kweli

Mimi hilo jina nimelichagua makusudi, mama wa kambo tumechafuliwa sana.

Nimelea mvulana aliyetoka mtaani, alikuja kwangu mkubwa kidogo, ndevu zinakaribia. Kitu cha kwanza kilichonivuruga ni malipo. Ukimwambia mwanangu fagia hapo anauliza utanipa ngapi. Niletee maji, utanipa ngapi. Mume wangu alikuwa anawaka, mimi nikaelewa kwamba huyu kajilipia maisha yake tangu mdogo, hajawahi kuona kazi isiyo na bei. Nikamwambia hapa wote tunafagia na wote tunakula, hela ya matumizi utaipata kila Jumamosi ufagie usifagie. Alinijaribu wiki kadhaa hafagii ng'o, Jumamosi ikifika nampa. Baadaye akashika ufagio bila kuambiwa.

Akaja akauza viatu vya shule. Ndugu wa mume wakasema si tuliwaambia. Kumbe kuna mwenzake wa kijiweni alikuwa na homa kali, hana wa kumnunulia dawa, na yeye alipokuwa hoi huyo mwenzake ndiye alimbeba. Sasa hapo unamchapa? Tulikubaliana akiwa na shida ya rafiki aje aniambie, na kweli alikuja, mara nyingine usiku wa manane, na mimi nikaamka. Wale watoto kule walikuwa familia yake, ukimlazimisha awakate siku moja umemfiwisha mara ya pili.

Binti Shujaa

Mbona wote mnaongelea wavulana? Mimi niko na wasichana, na hawaonekani kwa sababu hawakai kwenye mataa. Binti akikanyaga mtaani anachukuliwa haraka sana, ama na kijana wa kijiwe "mlinzi" wake, ama na mtu mzima mwenye chumba, ama anaingizwa kazi za ndani bila mshahara. Ukienda mchana hukuti mtu. Sisi tunapita usiku, wanawake watupu, tuna pedi na chai ya moto kwenye chupa, hatuna fomu. Fomu ukizitoa wanayeyuka.

Wengi wana watoto wachanga, hapo ndo pana mtihani maana vituo vingi vinampokea mtoto mchanga na kumkataa mama, au wanawatenganisha. Mama mwenyewe ana miaka kumi na tano! Nimeona binti akiacha gundi kwa sababu ya kunyonyesha, alichotaka ni sehemu salama ya kulala na mtu wa kumshikia mtoto aende kujifunza ushonaji. Ukimnyang'anya mtoto umemnyang'anya na sababu.

Mwalimu Chaki

Nipo shule ya msingi, nimewapokea kadhaa. Tatizo la kwanza ni kimo. Kijana wa miaka kumi na tatu unamkalisha na wa darasa la kwanza, ataona haya, atapiga mtu, ataondoka. Inatakiwa madarasa ya kuharakisha, yale ya kusoma miaka miwili kwa mmoja na wa rika lake, ndo baadaye aingie darasa la kawaida au ufundi. Hesabu za hela kichwani wanazipiga kuliko mimi, chenji hukosei mbele yao, ila mpe kitabu asome mstari jasho linamtoka. Basi mimi naanzia kwenye chenji, naandika ubaoni kile alichokwisha kukijibu kwa mdomo.

Na cheti cha kuzaliwa jamani. Shule inakitaka, mtihani unakitaka, hospitali inakitaka, wakati Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1989 unasema mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa. Anayeanza kumsaidia mtoto leo afungue faili la cheti wiki hiyohiyo maana linachukua muda kuliko vyote.

Mgeni Hapa

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Tuna kijana kituoni anatimiza 18 karibuni, kanuni zetu zinasema atoke. Ana ufundi wa kuchomelea, hana ndugu aliyepatikana. Bodi inasema wamemaliza kazi. Mimi usingizi sipati, mnafanyaje?

Fundi Gereji

Hapo ndo wengi tunaporudi kijiweni na cheti cha ufundi mfukoni. Mimi walinipangishia chumba na mwenzangu mmoja, kodi ya mwanzo wao, tukawa tunapunguziwa msaada kidogo kidogo, na Jumapili naenda kituoni kula kama mtu anayeenda kwao. Kingekuwa chumba cha peke yangu ningekimbia, sikuzoea ukimya.

Dada Ustawi

Mgeni, kabla hajatoka hakikisha ana kitambulisho, akaunti au akiba ya simu kwa jina lake, na mtu mzima mmoja wa kumpigia saa nane za usiku. Hiyo ya mtu mzima iandikwe kwenye faili na jina, siyo "kituo". Bodi ikigoma waombe miezi sita ya mpito kwa maandishi, nimeona ikikubalika.

Fundi Gereji

Na kama anachomelea kweli njoo PM. Nahitaji mtu.