Msaada: simu gani na laini gani kwa mtu wa kwenda na kurudi Arusha–Nairobi?

MamaVitunguu

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na hii njia. Nafanya biashara ya vitunguu, nachukua Mang'ola nashusha Nairobi pale soko la Marikiti. Siku zote shemeji yangu ndo alikuwa anaenda Kenya na mzigo mimi nabaki huku kukusanya, sasa kapata kazi nyingine kwa hiyo kuanzia mwezi ujao naenda mwenyewe, na nikifika inabidi nikae siku kadhaa mpaka mzigo uishe.

Simu niliyonayo ni ya laini moja, kioo kimepasuka na chaji inakata mchana, nataka kununua nyingine, bajeti laki tatu ikizidi sana laki tatu na nusu. Ninunue Arusha au Nairobi? Na nikiwa kule niendelee na Voda yangu au nichukue laini ya Kenya? Wateja wa Nairobi wanalipa kwa M-Pesa ya kwao, shemeji alikuwa na Safaricom aliyosajili kwa jina lake na anasema niichukue tu niendelee nayo. Halafu watoto wako Karatu kwa bibi yao, lazima nipatikane muda wote, hilo kwangu ndo kubwa kuliko yote. Na WhatsApp yangu ina wateja wote sitaki ipotee. Asanteni.

Dereva_wa_Longido

Karibu barabarani dada. Mimi naendesha shato Arusha Nairobi, nikuambie kitu ambacho abiria wengi wanakuja kulalamika wakishafika Kenya: salio linaisha na mtu hajapiga simu hata moja. Sababu ni kwamba ukikaribia Namanga minara ya Kenya inafika mpaka upande wetu, simu ikiona mtandao wetu umepungua nguvu inarukia wa Kenya yenyewe, na kama romingi ya data (intaneti kwa mtandao wa nchi nyingine) iko wazi basi WhatsApp na Facebook zinakula vocha yako kwa bei ya nje ukiwa bado umekaa kwenye foleni ya uhamiaji. Bando ulilojiunga nyumbani halikusaidii maana lile ni la ndani ya nchi.

Kwa hiyo tukishaipita Longido tu ingia setingi, zima data romingi, halafu kwenye uchaguzi wa mtandao toa ile ya simu kujichagulia, uchague mwenyewe. Ukirudi nyumbani kumbuka kuirudisha, la sivyo utakaa huna mtandao ukidhani laini imeharibika.

Na kingine, namba zote za kwenye simu yako zihifadhi kwa kuanza na +255, za Kenya +254, usiweke ile sifuri ya mwanzo. Hivyo namba itapiga ukiwa upande wowote. Fanya kabla hujaondoka, mtu wa mazao mwenye namba mia tano hawezi kulifanya hilo jambo stendi.

ajent_namanga

Salamu mama. Mimi niko Namanga upande wa Kenya, nafanya M-Pesa, na wafanyabiashara wa kutoka huko kwenu nawahudumia kila siku. Hiyo line ya shemeji tafadhali usiichukue. Sio kwamba shemeji ni mtu mbaya, hapana. Line ikiwa kwa jina lake, pesa iliyo ndani kisheria ni yake. Ukiibiwa simu pale Marikiti (na pale kuna wezi, weka simu mbali na mfuko wa leso) ni yeye atatakiwa kuja na kitambulisho chake kurudisha hiyo line, na umesema ako na kazi nyingine. Ukisahau namba ya siri maswali ni yake. Mteja akitaka kukutumia anaona jina la mwanaume hajui ni nani, anaanza kuuliza maswali. Unataka pesa ya lori nzima ya vitunguu ikae mahali kama hapo?

Njoo na passport yako, ingia duka la Safaricom lenyewe, usisajiliwe na kijana wa mwavuli, wakuandikie line na wakufungulie M-Pesa kwa jina lako vile iko kwa passport. Haichukui muda. Hakikisha jina limeandikwa sawa herufi kwa herufi.

Sasa kuhusu pesa kwenda nyumbani. Tangu 2015 M-Pesa ya huku na ya Vodacom Tanzania zinatumiana, unaingia kwa menyu ya kutuma nje ya nchi, unaweka namba ya +255, inabadilisha shilingi yenyewe na inakuonyesha mtu atapokea ngapi kabla hujaweka namba ya siri. Soma hapo! Wengi wanabonyeza haraka. Linganisha hiyo kiwango na ile ya duka la kubadilisha pesa hapa border, siku zingine simu ni afadhali na siku zingine ni afadhali ukatoa cash ukabadilisha, inategemea na pesa ni ngapi pia. Na ujue kuna kikomo, kwa line ya kawaida huku hutumiwi zaidi ya elfu 250 za Kenya kwa mara moja, na akaunti haibebi zaidi ya laki 5. Mzigo mkubwa mteja atagawanya mara mbili ama aende benki, mkubaliane mapema msianze kuzozana lori ikiwa imeshashushwa.

Kitu ya mwisho na ndio naona ikiliza watu: utakuwa na M-Pesa mbili kwa simu, ya kwenu na ya kwetu, meseji zinaingia zinafanana. Angalia kama imeandikwa Ksh ama Tsh. Na usiachilie mzigo kwa sababu ya meseji, hata kama mteja amekuonyesha yake imeandikwa confirmed. Fungua menyu uangalie salio lako mwenyewe, ukiona pesa iko ndio unasema kamba ifunguliwe.

Mzee_wa_Celtel

Mnamchosha bure. Achukue Airtel, iko Tanzania iko Kenya iko Uganda, anatembea na laini moja. Tulikuwa tunafanya hivi toka enzi hizo ikiitwa Celtel, 2006 walivyofungua ule mtandao mmoja wa nchi tatu, unavuka mpaka unapiga kama uko nyumbani na vocha ya kule unaiweka kwenye laini ya huku.

FundiSimu_Kaloleni

Mzee wangu shikamoo, kwa mtu wa kupiga simu tu hoja yako ina maana. Lakini mama hapa anauza, na Nairobi mnunuzi wa sokoni analipa kwa M-Pesa ya Safaricom, ukimpa namba ya Tanzania anaona usumbufu anahamia kwa muuzaji wa pembeni. Na bei za romingi zinabadilika, hata ule mpango wa Afrika Mashariki wa kupunguza bei za kupigiana ulioanza 2014 uliwahusu Kenya, Uganda na Rwanda kwanza, sisi hatukuwemo, kwa hiyo mtu asisikie Mganda anasema romingi ni rahisi akadhani na yake ni hivyohivyo. Laini mbili za nchi mbili, hapo mi sioni njia nyingine.

Sasa simu. Dada nunua hapa Arusha au Kariakoo ila dukani, upewe risiti na waranti, maana ukinunua Luthuli, ule mtaa wa maduka ya simu Nairobi, ikiharibika utairudisha kwa nani wakati wewe uko Karatu. Kwa laki tatu unapata Itel au Tecno ya kawaida yenye 4G, betri kubwa ya 5000, haina makuu lakini kazi yako inafanya. Ukiwa dukani fungua kile kijisahani cha laini uangalie kwa macho yako. Zipo simu wanaandika laini mbili kumbe nafasi ya laini ya pili ndo hiyohiyo ya memori kadi, ukiweka laini ya Kenya picha za mzigo huna pa kuziweka. Tafuta yenye nafasi tatu.

Bonyeza *#06# zije namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, ziwe sawa na za kwenye boksi, halafu tuma hiyo namba yenye tarakimu 15 kwenda 15090 itakujibu ni simu ya kampuni gani na aina gani. Kama jibu linasema kitu kingine tofauti na ulichoshika mkononi, mrudishie. Simu feki zilizimwa nchini Juni 2016 na Kenya walishazima za kwao 2012, kwa hiyo usije ukabeba ya bei chee ya mkononi ikakufia mpakani.

Na tafadhali sana usichukue simu ya mkopo, ile ya kulipa kidogokidogo kila siku. Zile zina programu ndani inayoifunga simu ukichelewesha malipo. Uko Nairobi mzigo haujatoka, malipo yamepitiliza, simu inajifunga na wateja wote wamo humo. Hizo za kutumiwa na ndugu toka Marekani nazo uliza kwanza kama imefunguliwa mitandao yote, nyingi zinakuja zimefungwa kwa kampuni ya kule na laini yetu haisomi.

Lakini kwa ulivyosema watoto ndo jambo kubwa, mimi ningekushauri usimalize hela zote kwenye smatifoni. Toa kidogo ununue na kiswaswadu, ile simu ndogo ya batani. Hizi simu za laini mbili za bei ya kawaida, ukiwa unaongea kwenye laini moja ile nyingine haipatikani. Unabishana bei na dalali robo saa kwenye namba ya Kenya, bibi anapiga namba ya Tanzania anaambiwa haupo hewani. Voda yako iweke kwenye kiswaswadu, chaji inakaa siku nyingi, haina data ya kunyonya salio. Kabla hujaondoka wapigie Voda wakufungulie romingi na uweke salio, na uwaulize ukipokea simu ukiwa Kenya unakatwa ngapi. Bibi akibipu tu, wewe unampigia kwa laini ya Kenya.

MamaVitunguu

Jamani asanteni sana, sikutegemea kupata maelezo marefu hivi. Laini ya shemeji nimeshaelewa, namrudishia. Sasa Fundi nikiitoa Voda nikaiweka kwenye kiswaswadu, WhatsApp si itakufa? Na nikiibiwa zote mbili je?

FundiSimu_Kaloleni

Haifi. WhatsApp inaitaka laini siku ya kusajili tu. Siku utakayonunua simu mpya weka Voda ndani, fungua WhatsApp kwa namba yako ileile, hamisha meseji, weka na ile namba ya siri ya tarakimu sita ya kwenye setingi za WhatsApp, ndo utoe laini. Itaendelea na namba ya Tanzania ukitumia data ya Kenya. WhatsApp ikikuuliza kama unabadilisha namba jibu hapana. Na kama wateja wa Nairobi wanataka namba ya kwao, siku hizi unaongeza akaunti ya pili humohumo.

Kuhusu kuibiwa, ndo maana nasema simu mbili, na zisikae mfuko mmoja. Laini ya Tanzania kuirudisha lazima uwe huku na kidole chako, tangu usajili wa alama za vidole uishe Januari 2020 hakuna wa kukurudishia kwa niaba yako. Ya Kenya unaenda na passport yako siku hiyohiyo ukiwa kule. Kwa hiyo hela ya mauzo ikiwa kwenye laini ya Kenya na uko Kenya, hukwami.

ajent_namanga

Na uweke PIN kwa line zenyewe, sio simu pekee. Mwizi wa Nairobi hashughuliki na simu, anatoa line anaweka kwa simu ingine. Andika pia namba ya passport na namba zako zote mbili kwa kikaratasi, ukae nacho mbali na simu, dukani watakuuliza.

Dereva_wa_Longido

Dada ukiwa tayari kununua siku ya Jumamosi epuka, maduka ya simu mjini yanajaa mtu hapati nafasi ya kuijaribu. Nenda na laini zako mbili, mwambie muuzaji aziweke zote, upige na kupigiwa hapohapo kabla hujatoa hela.