Tupeane uzoefu: wenye dei kea, mliwahi kuripoti mtoto anayeumizwa nyumbani?

dadawambagala: Wadau, nina kituo kidogo cha kulelea watoto huku Mbagala. Mwaka juzi nilikuwa na katoto ka miaka miwili na nusu, kachangamfu kweli. Jumatatu moja nakaogesha, naona mapajani michirizi minne, kama ya waya wa chaja. Kosa langu: nikamsubiri mama yake jioni nimuulize. Akacheka, "Alianguka, dada." Kesho yake hakuletwa. Keshokutwa simu haipatikani. Walikuwa wapangaji, wamehama. Mpaka leo kwenye daladala nikiona kisogo kama chake nageuka kuangalia. Wenzangu mlifanyaje?

mamawatatu: Pole mwaya. Mimi sikumuuliza mzazi chochote. Niliona saa nne, saa tano nipo serikali ya mtaa. Nikaambiwa "hayo ya familia, mama." Nikapiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, palepale barazani, ni bure. Jioni afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto walikuwa mlangoni kwao.

mkongwe_77: Na wala si hisani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi AU taarifa aripoti serikali za mitaa. Hiyo "au" ndiyo watu wanairuka. Wanasubiri wawe na uhakika, kana kwamba wao ndio hakimu.

mwalimshangazi: Ukikosea je? Mimi nilikosea. Kichanga cha miezi saba, makalioni kuna bluu kama wino umemwagika. Nikaripoti. Daktari akasema ni alama ya kuzaliwa nayo, watoto wetu wengi wanayo, inafifia wakikua. Mama mtu alininunia wiki mbili! Siku hizi mtoto akiandikishwa tunamkagua pamoja na mzazi, kila alama inaandikwa daftarini, mzazi anasaini. Yule wa bluu bado ninaye, jana kanitapikia kanga mpya.

pwani_msa: Huku Mombasa pia namba ni 116. Lakini ukiripoti, mzazi hataambiwa ni wewe?

mamawatatu: Mimi hawakunitaja, ila mtaa ulijua, nani mwingine anamvua nguo mtoto mchana? Nilikuwa na watoto 18, wakabaki 11. Yule mwenyewe yupo kwa bibi yake Korogwe. Bibi hunipigia Jumapili, mtoto anashika simu, hasemi kitu, anapumua tu.