Naomba ushauri: hema la juu au kanopi kwenye Hilux?

Wakuu, habari za saa hizi. Nina pikapu, Hilux ya milango miwili, nataka niifanye ya kulala safarini, mimi na mama watoto. Mwezi wa nane tunalenga hifadhi ya Ruaha, mfuko ukiruhusu tufike Katavi.

Fundi ananishawishi nifunge kanopi ya bati, yaani kibanda cha kufunika bodi ya nyuma, ndani kitanda cha mbao chenye droo chini. Nimepima bodi kwa futi kamba: urefu sm 230, hapo sina shida. Ila katikati ya matuta ya matairi ni sm 110 tu, godoro la futi nne halikai chini, lazima kitanda kiinuliwe juu ya matuta, na kichwa kitagonga bati.

Jamaa yangu yeye anasema hema la juu, la kufunga juu ya gari, la kukunjua na ngazi. Hilo ni kama kilo 60 juu, na kona za mlima Kitonga nazijua. Halafu usiku ukibanwa haja, ushuke ngazi fisi wakilia? Mama watoto kashakataa.

Mliofunga kanopi, vumbi la mlango wa nyuma mmelizibaje? Na springi za nyuma niongeze jani (bapa la chuma) zibebe uzito, au nisubiri kwanza?