Kikundi cha familia: nani atangulie, nani abaki wa mwisho

IJUMAA

Seif: Habari za jioni wote. Nimemaliza ile mechi ya Proleague, ligi ya timu za mchezo wa StarCraft: Brood War huko Korea Kusini, ya msimu wa 2008–09. Matokeo sitaji, Neema bado hajaitazama. Ila kabla ya ligi yetu ya kesho nataka mnijibu: ungekuwa kocha wa timu ya KTF, nyota wao Flash ungemtuma wa ngapi?

Zuhura: Wa mwisho Mjomba. Silaha kali haitangulizwi.

Hamisi: Na wenzake watatu wakifagiwa kabla hajafika kitini? Awatoe wanne peke yake?

Zuhura: Flash anaweza.

Rehema: Kuweza anaweza. Huyu mtu alichukua OSL, mashindano ya mchezaji mmoja mmoja, mwaka 2008 akiwa na miaka 15, akamfunga Stork 3–0 kwenye fainali. Lakini kocha hapangi orodha kwa kutegemea miujiza.

Neema: Shikamoo Baba Seif. Samahani nachelewesha. Mimi nilizoea kuona kila mchezaji ana ramani yake. Sasa hii ya mtu kukaa kitini mpaka atolewe ilianza lini?

Seif: Marahaba mwanangu. Kwenye Proleague ilianza msimu huohuo. Kwenye mizunguko ya kawaida kocha alikuwa anapeleka orodha mapema: huyu ramani hii, yule ramani ile. Zikifungana 2–2 ilichezwa mechi ya turufu, na hapo aliweza kumrudisha hata mtu aliyekwisha kucheza siku ileile. Lakini 2008–09 wakaingiza mzunguko wa mshindi kubaki. Ukishinda hunyanyuki. Waliofungwa wanaleta mtu mwingine kuja kukutoa, tena wanamleta wakiwa wanajua wewe ni kabila gani kati ya matatu, Zerg, Protoss au Terran, na ramani inayofuata ni ipi. Timu ya kwanza kufikisha ushindi 4 imemaliza.

Neema: Kumbe. Asante.

Rehema: Na utamu wote uko hapo Neema. Zerg anamla Protoss, Protoss anamsumbua Terran, Terran anamla Zerg. Siyo sheria, lakini makocha wanaihesabu. Anayetangulia anaingia gizani. Anayefuata anaingia ameshaona.

Idrisa: Basi umejijibu dada. Wa mwisho ndiye aliyeona kuliko wote.

Rehema: Hapana Kaka Idrisa, sikiliza hesabu. Wa kwanza wako akitoka, kocha ana watu watatu wa kuchagua. Wa pili akitoka, wawili. Wa tatu akitoka amebaki mmoja. Huyo wa mwisho hakuchaguliwa na mtu, amebaki tu. Kabila likikubali au likikataa, ramani ikiwa ya kwake au siyo, ataingia.

Hamisi: 👏👏

Idrisa: Hiyo sikuwahi kuifikiria.

Seif: Ndilo jambo nililotaka lisemwe. Orodha haipangwi kwa cheo cha mtu, inapangwa kwa nani amekaa kitini. Flash ni Terran. Akikaa Zerg mzuri kitini, hata kama ni mechi ya pili, mtume. Usimtunze mpaka aliyekaa ni Protoss kwenye ramani mbaya ndipo ukumbuke una Flash.

Neema: Protoss kama Bisu wangu 😍

Idrisa: Bisu kitini namletea Jaedong wa Zerg, mjadala umefungwa.

Neema: Haujafungwa! Tarehe 3 Machi 2007, fainali ya MSL, mashindano mengine ya mmoja mmoja, sAviOr wa Zerg alikuwa anawala Protoss kama karanga. Bisu akamfunga 3–0.

Mwanaidi: Mimi nawasoma tu jamani. Huyo Bisu alifanyaje?

Neema: Shangazi, ngoja nieleze vizuri maana hii naipenda. Protoss ana askari anaitwa Dark Templar, haonekani kwa macho. Zerg humwona kwa kutumia Overlord, yale maputo makubwa yanayoelea. Sasa Bisu alijilinda na mizinga ya Cannon, akafungua kambi ya pili mapema apate madini mengi, halafu akarusha ndege za Corsair ziende kuyapasua maputo. Maputo yakiisha, Zerg amekuwa kipofu. Hapo Dark Templar anaingia anafyeka, na wewe unaona watu wako wanaanguka tu hujui nani anawapiga.

Mwanaidi: Ameanza kwa kumtoa mwenzie macho.

Seif: Mwanaidi umeielewa haraka kuliko mimi. Mwaka ule niliitazama mara tatu ndipo nikaona kazi ya zile ndege.

Idrisa: Nakubali Bisu ni fundi. Lakini mtazame Jaedong anavyoendesha Mutalisk. Anazibana kumi na moja kwenye nukta moja, zinaruka kama mdudu mmoja. Zinapiga, zinageuka kabla ya jibu, zinarudi tena. Mkono wake haupumziki.

Hamisi: Mimi timu yangu ya enzi zile mnaijua. Air Force ACE.

Zuhura: Hamisi walikuwa wanafungwa kila wiki hao.

Hamisi: Najua. Lakini fikiria: umeitwa jeshini, vijana wenzako wanafanya mazoezi kutwa kwenye nyumba za timu, wewe una gwaride asubuhi. Bado unaingia ligi kuu ukiwa na sare za jeshi la anga la Korea Kusini. Hata Lim Yo-hwan, BoxeR mwenyewe, yule nyota wa Terran, alipita pale. Kila nikitazama mechi zao za zamani, wakipata ushindi mmoja mimi nasimama.

Seif: Hata mimi husimama.

Baraka: Baba kesho na mimi nipo kwenye orodha?

Seif: Upo. Rehema ndiye kocha wenu, muulize yeye.

Rehema: Upo Baraka. Naomba nitangulie mimi, halafu Hamisi, Neema, na wewe. Lala mapema.

JUMAMOSI

Zuhura: Matokeo kwa walio mbali. Rehema amewatoa Tatu na Salum wa timu yetu. Nikamtoa Rehema. Nikamtoa Hamisi pia. Neema akanitoa mimi. Kaka Idrisa ameingia, amemtoa Neema sasa hivi kwa Mutalisk. 3–3.

Seif: Niko kwenye basi, video haifunguki kabisa. Amebaki nani kwetu?

Zuhura: Baraka.

Seif: Ramani?

Zuhura: Destination.

Seif: Afadhali. Hiyo ni ya pembe mbili, hahitaji kumtafuta mwenzake aliko. Rehema nipe habari.

Rehema: Baba siwezi kuangalia, nimetoka nje. Moyo unanienda mbio. Shangazi amekaa nyuma yake.

Mwanaidi: Nipo. Nitaandika ninachokiona, majina mtayaweka nyinyi.

Hamisi: Subiri, simu ya Idrisa iko wapi? Asije akasoma.

Zuhura: Ninayo mimi, na niko chumba kingine. Sitamwambia neno, wallahi.

Mwanaidi: Wameanza. Baraka ana vibarua wanne wanachimba. Anaongeza mmoja mmoja. Mikono inamtetemeka, nimemwekea maji pembeni.

Mwanaidi: Kibarua mmoja ametoka nyumbani, anakwenda mbali. Amefika kama katikati ya uwanja, anajenga.

Seif: Katikati?? Anajenga nini?

Mwanaidi: Nyumba ya askari, naona picha yake. Nyumbani kwake hakuna hata moja.

Hamisi: Jamani. Huyu mtoto anakwenda kupiga bunka, ngome ya askari karibu na kambi ya mwenzake.

Rehema: Sikumwambia! Kweli Baba, hatukufanya mazoezi ya hiyo.

Seif: Alinikuta mimi naangalia nusu fainali ile ya Novemba 2004, BoxeR na YellOw. Bunka mechi ya kwanza, bunka ya pili, bunka ya tatu. 3–0. Alikaa kimya pale kwenye zulia mpaka ikaisha.

Neema: Shangazi, Kaka Idrisa ameanza na nini? Kambi ya pili au bwawa?

Mwanaidi: Kibarua wa Baraka amefika kwa Idrisa. Naona jengo kubwa jipya linaota nje ya nyumba yao, kwenye nafasi ya wazi.

Neema: Kambi ya pili kwanza! Ametumia madini 300 pale, na bwawa la kuzalishia Zergling linataka mengine 200. Kwa sasa hana askari hata mmoja.

Seif: Ndiyo nafasi yenyewe hiyo. Bunka ni 100 tu.

Mwanaidi: Askari wawili wa Baraka wametoka, wanakimbia. Anajenga kijumba kidogo karibu na lile jengo la Idrisa. Kile kijumba bado ni nguzo tu.

Hamisi: Atamwona. Idrisa akitoa Drone wake wote, vibarua wa Zerg, sasa hivi bunka haiishi.

Mwanaidi: Wametoka! Nane. Wanampiga kibarua anayejenga. Askari wanawapiga risasi wale wadudu huku wanarudi nyuma kidogo kidogo.

Mwanaidi: Kibarua amekufa.

Rehema: 😭

Mwanaidi: Kijumba kimesimama nusu. Lakini kuna kibarua mwingine amekuja, sijui alikuwa wapi. Ameshika palepale mwenzie alipoachia.

Seif: Alimtuma wa akiba! Jengo la Terran kibarua yeyote anaweza kulimalizia. Nani amemfundisha?

Hamisi: Mimi. Mara moja tu, mwezi uliopita. Sikudhani anasikia.

Mwanaidi: KIMEKAMILIKA. Askari watatu wameingia ndani. Wanapiga lile jengo, wadudu wamekimbia.

Neema: Bunka inawaongezea na urefu wa risasi. Kambi ya pili imekwisha.

Mwanaidi: Imetoweka. Idrisa ameifuta mwenyewe.

Rehema: Nimerudi mlangoni. Baraka ameinuka kidogo kwenye kiti.

Seif: Akae! Haijaisha. Idrisa ana bwawa sasa. Shangazi yake mwambie, lini anatoa askari wengine?

Hamisi: Mzee hairuhusiwi kumwambia.

Seif: Kweli. Samahani. Usimwambie kitu.

Mwanaidi: Vile vijidudu vinavyokimbia vimetoka sita. Havikwenda kwenye kijumba. Vimepita pembeni kabisa, vinaelekea nyumbani kwa Baraka.

Seif: Basi.

Mwanaidi: Nyumbani kwake hakuna mlinzi kaka. Vinakata vibarua. Baraka ameona. Ile nyumba ya askari ya katikati imeruka angani, inakuja nyumbani polepole.

Hamisi: Angeiacha pale! Ikiwa hewani haitoi askari hata mmoja.

Mwanaidi: Anawatoa na wale watatu kwenye kijumba, wanakimbia kurudi. Njiani kuna vijidudu vingine vinasubiri.

Mwanaidi: Hawakufika.

Mwanaidi: Amebakiwa na vibarua wawili. Hataki kuachia, bado anabofya.

Mwanaidi: Ameandika gg, amekubali kushindwa. 4–3 kwa watoto wangu, timu ya Idrisa. Nimefurahi na nimeumia, vyote pamoja. Nimemkumbatia.

Idrisa: Nimechukua simu. Baraka uko wapi mdogo wangu? Nataka nikuambie: yule kibarua wa pili alinimaliza nguvu. Nilikuwa nimeshahesabu bunka imekufa, nikawarudisha Drone watatu kuchimba. Hao watatu wangebaki ungeshindwa palepale. Sikuwa na njia nyingine ila kukimbilia kwako na kuomba usiwe umeziba mlango wa kambi yako kwa majengo.

Zuhura: Alinitokea chumbani jasho linamtiririka.

Seif: Baraka, BoxeR baada ya bunka aliendelea kuleta Marine, wale askari, bila kukatika, mmoja mmoja, mpaka mwenzake akose pumzi. Wewe uliweka watatu ukaona panatosha, na madini yalikuwepo. Hapo tu. Mengine yote yalikuwa ya mtu mzima.

Baraka: Nilikuwa na 250 hazijatumika. Niliziona mwishoni.

Seif: Ukiziona mapema wiki ijayo inatosha.

Rehema: Na mimi nina la kusema. Ijumaa niliwahubiria wote kwamba wa mwisho hachaguliwi, anabaki tu. Halafu nikajitanguliza mwenyewe kwa sababu nilitaka niwafagie wote wanne. Zuhura ni Protoss, angekuja tu kwangu mimi Terran, na nikatoka. Idrisa alipokaa kitini tulihitaji Terran mzoefu, na Terran aliyebaki ana miaka 13. Hiyo ni orodha yangu, siyo mkono wa Baraka.

Hamisi: Hakuna anayekulaumu kocha. Uliwatoa wawili.

Rehema: Najua. Lakini nataka kuirekebisha. Wiki ijayo nabaki nyuma nimsubiri Zerg. Nani anataka kutangulia?

Baraka: Mimi.

Neema: Una uhakika? Wa kwanza hajui anakutana na nani.

Baraka: Hata wao hawajui nitafanya nini. Ramani ya kwanza ni ipi?

Zuhura: Fighting Spirit.

Baraka: Hiyo ina pembe nne. Bunka haifai, nitamtafuta mpaka muda uishe. Dada Rehema bado uko hapo mlangoni?

Rehema: Nipo.

Baraka: Kaa kwenye ile kompyuta nyingine. Anza na Zerg, kambi ya pili kwanza, kama yeye. Nataka nijaribu kuziba mlango.

Rehema: Nakaa.