Mjadala: mwongozo wa mfumo uwe tovuti tuli au WordPress?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tunahudumia mfumo wa mikopo unaotumiwa na saccos kadhaa, na mwongozo wake hadi leo ni PDF inayozunguka WhatsApp. Juzi karani kanipigia akitafuta kitufe tulichokiondoa zamani. Kumbe anasoma toleo la mwaka juzi. Nataka mwongozo uhamie mtandaoni. Wenzangu ofisini wanang'ang'ania WordPress, programu ya kuendesha tovuti, kwa kuwa kila mtu anaijua. Mimi nasema MkDocs, programu ya kutengeneza tovuti tuli, yaani yenye kurasa zilizoandaliwa kabla ya mgeni kufika.

WordPress, kwa kawaida yake, huandaa ukurasa kila mgeni anapobisha hodi: PHP (lugha iliyoandikia WordPress) inaamka, inakwenda kwenye hifadhidata, inarudi na jibu. Kwa duka la mtandaoni sawa. Kwa mwongozo wa kurasa 40 unaobadilika mara mbili kwa mwezi ni kuwasha jiko kila mtu akiomba maji. MkDocs inapika mara moja. Unaandika mafaili ya Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), unapanga menyu kwenye mkdocs.yml, faili la mipangilio, unaangalia kazi yako kwa `mkdocs serve`, ukiridhika unatoa amri `mkdocs build`, na unapata folda iitwayo site yenye kurasa zilizokwisha kuiva. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, wanaipokea bure ikiwa hazina yako (mahali mafaili yanapotunzwa GitHub) ni ya wazi na tovuti haizidi GB 1. Hakuna nywila ya admini ya kudukuliwa, hakuna plagini iliyosahaulika tangu enzi. Saccos isiyo na intaneti nitaipelekea folda ileile kwenye flashi.

fundi_wa_seva

Mkuu, hiyo flashi uliijaribu? Ukifungua tovuti ya MkDocs moja kwa moja kutoka kwenye folda, viungo vinakuonyesha orodha ya mafaili badala ya ukurasa, mpaka uweke `use_directory_urls: false`. Na hata hapo kisanduku cha kutafuta hakifanyi kazi. Mengine uliyosema nakuunga mkono.

Mpinga Mada

Tena ukitaja kutafuta umegusa donda. MkDocs inatafuta kwa kutumia lunr, programu ndogo ya utafutaji ndani ya kivinjari, na lunr haina Kiswahili. Imezoea lugha ambazo neno hubadilika mkiani, kwa hiyo yenyewe inakata mikia. Sisi neno letu linabadilika kichwani pia: kusajili, usajili, amesajiliwa. Karani akiandika "sajili", ukurasa wenye "usajili" hauji. Kwake hiyo maana yake mwongozo haupo, anapiga simu. Sasa hiyo WordPress mnayoicheka inatafuta herufi popote zilipo ndani ya neno. Andika "sajili", yote matatu yanakuja. Njia ya kizamani, lakini imetukuta na lugha yetu ikatufaa.

karani dirisha la pili

Jamani, mimi ni mtumiaji tu. Wanaojua mwongozo umekosewa wapi ni sisi tunaokaa na foleni. Kazini kwangu kwa zamani kulikuwa na tovuti ya namna hiyo, kijana mmoja ndiye aliyejua Git, programu ya kutunza na kubadilisha mafaili yake. Akapata kazi kwingine. Tovuti ilibaki nzuri, ya haraka, na ya uongo. Hadi naondoka, riba iliyoandikwa pale ilikuwa ya zamani.

Mleta mada

Dada (au kaka, samahani), hilo limenigonga kuliko yote. Nilikuwa napima kasi na usalama, wewe unauliza nani ameshika kalamu.

Nikiri kwanza: flashi sikuijaribu, na hoja ya utafutaji ni ya kweli, nimeijaribu usiku huu. "Sajili" imeniletea patupu. Dawa niliyopata ni ya mkono: chini ya kila kichwa cha ukurasa naweka mstari wa maneno, "sajili, kusajili, usajili, kujisajili". Haivutii, ila kurasa 40 ni kazi ya jioni moja.

Kuhusu kalamu, ukijaza `repo_url` (anwani ya hazina) kwenye mkdocs.yml, kila ukurasa unaweza kupata kiungo cha kuhariri, na mtu anarekebisha ndani ya kivinjari bila kujua amri hata moja ya Git. Anahitaji akaunti ya GitHub tu. Najua makarani wengi hawatafungua akaunti. Kwa hiyo kila ukurasa utakuwa na namba ya WhatsApp ya zamu, na watu wawili ofisini, si mmoja, watafundishwa kuchapisha.

Mpinga Mada

Wawili hao wakihama pamoja je?

Mleta mada

Basi mafaili ya Markdown yatasomeka hata kwa Notepad, na atakayekuja ayamwage kwenye WordPress yako akipenda. Kutoa maandishi kwenye hifadhidata ya WordPress iliyokufa nimeshafanya mara moja. Sirudii.

fundi_wa_seva

Kwenye mkdocs.yml sogeza mistari kwa nafasi (space), usiguse kitufe cha Tab. Utanikumbuka.