Kikundi cha familia: Faiz na baiskeli ya Norwei

*Faiz:* Shikamooni nyote. Nauli ya ndege ya mwanzoni mwa Juni iko chini. Nataka kuendesha baiskeli na mizigo huko Norwei: Haugastøl, Finse, Flåm, halafu Lærdal. Nikate tiketi?

*Shangazi Mwanaidi (Bergen):* Marahaba mwanangu. Usikate! Kule juu baada ya Finse theluji hulala njiani hadi Julai, miaka mingine hupitiliza. Njoo katikati ya Agosti. Na baiskeli inakatiwa nafasi yake kwenye treni, zikijaa, haipandi.

*Mjomba Seif:* Marahaba. Tairi upana gani? Breki zipi?

*Faiz:* Milimita 32. Breki za raba, zinabana rimu.

*Mjomba Seif:* 32 na mizigo kwenye changarawe, tyubu itagongwa kati ya jiwe na rimu, upate matundu mawili kwa mpigo. Weka 42 kama foki inaruhusu, ibaki nafasi ya milimita 5 kila upande, la sivyo tope litakwama.

*Shangazi Mwanaidi:* Kupanda kwenyewe si kwa kutisha. Haugastøl iko kama mita 990, kilele mita 1,343 kupita Finse kidogo. Shughuli ni kushuka. Pale Myrdal, kabla ya Flåm, kuna kona 21 za kujikunja, mawe yanateleza chini ya tairi, na watu wanatembea kwa miguu humo humo. Kona zile shuka usukume. Ukizimaliza, panda tena uteremke bondeni hadi Flåm, usawa wa bahari.

*Mjomba Seif:* Sikiliza hapa Faiz. Usikamate breki mfululizo. Rimu ikichemka, hewa ya ndani inatanuka, gundi ya kiraka inalainika, tyubu inapasuka ukiwa kwenye kona. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, bana tena. Kila baada ya muda simama, sogeza kidole karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto, subiri. Tyubu za safari hii ziwe mpya, zisizo na kiraka hata kimoja.

*Faiz:* Sawa Mjomba. Kutoka Flåm kwenda Lærdal, ramani inanipitisha kwenye handaki.

*Shangazi Mwanaidi:* Hapana! Lile la Lærdal lina kilomita 24.5, baiskeli marufuku. La kwenda Gudvangen nalo marufuku, kilomita 11.4, ukitaka kwenda huko panda boti, upite Nærøyfjord, mkono mwembamba wa bahari kati ya milima. Lærdal unaiendea juu, barabara ya Aurlandsfjellet: kutoka baharini hadi mita 1,306. Ondoka asubuhi na mapema, maana kufika Stegastein tu, pale pa kutazamia mandhari, ni kupanda mita 650 na mabasi ya watalii yanaifuata barabara hiyo hiyo nyembamba. Chukua glavu na koti la mvua hata jua likiwaka.

*Bi Rehema:* Na chakula?

*Shangazi Mwanaidi:* Anunue kabla ya Jumapili, maduka mengi hufunga. Mtungi wa gesi aununue huku, kwenye ndege haupandi. Hema alipige angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu.

*Mjomba Seif:* Beba spoku nne za nyuma, urefu wa pande zote mbili, na kifungulio cha friwili. Spoku ya upande wa friwili haiingii mpaka friwili litoke, hapo wengi hukwama. Kesho nitumie picha ya raba za breki kwa ubavu, niione mifereji yake kama haijalika.